Chiriku Nje ya Ungo

Jicho, darubini kuu ya kituo, lilimaliza kazi wakati Nyamizi Kaswende anamenya karanga. Ndivyo alivyozoea kusubiri majibu, bakuli mapajani, maganda yakijishaua hewani kabla ya kukubali kuanguka, maana Mwezini uzito wa vitu ni wa kubembelezwa. Skrini ikawaka. Akaitazama mara moja, akaacha kumenya.

Chiriku alikuwa anakatiza.

Kituo cha Kisogoni kimejengwa upande wa nyuma wa Mwezi, ule usioiona Dunia, ambako makelele ya redio za watu hayafiki. Watu wake wametoka Tanzania, na kazi yao ni kuchunga vifaranga. Hilo ndilo jina walilozipa galaksi ndogo zinazoizunguka galaksi yetu kubwa, Njia Nyeupe, na kila kifaranga amepewa jina la ndege: Tetere, Korongo, Shorewanda, Chiriku. Kwa hesabu za kawaida vifaranga hao wangetapakaa juu na chini na kila upande, kama nyuki kwenye mzinga. Hawakutapakaa. Wengi wao wamejipanga kwenye bapa moja jembamba, lililosimama wima kando ya galaksi yetu, na Kisogoni bapa hilo huitwa Ungo.

Swali lililowagombanisha wataalamu kwa muda mrefu lilikuwa hili: vifaranga hao wanatembea pamoja, au wamekutana tu? Ukiona picha ya watu waliopanga mstari barabarani, huenda wanakwenda harusi moja. Huenda pia kila mmoja ana safari yake, na wewe umewapiga picha wanapishana njia panda. Huwezi kujua mpaka umpime kila mmoja anaelekea wapi, na hao wako mbali mno, hivyo mwendo wao ukiutazama kutoka hapa ni mdogo kuliko unene wa unywele ulioko mji mwingine.

Dakta Pazi Kingaru aliwapima, akasema wanakwenda pamoja. Na kama wanakwenda pamoja, basi kuna mto unaowabeba, mto wa maada ya giza, ile isiyoonekana lakini yenye uzito unaozishika galaksi zisisambaratike. Wahandisi walikuwa wameshabuni tanga la kuunasa mto wa namna hiyo. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia unapita wapi. Pazi akawaonyesha tawi lake linalopita jirani na jua letu. Chombo kikatengenezwa, kikaitwa Mbayuwayu, na sasa kilikuwa mwaka wa nne safarini, mbali kiasi kwamba sauti ilichukua siku nzima kukifikia. Ndani walikuwemo watu tisa. Nahodha wao alikuwa Mwanaidi, binti pekee wa Pazi.

Ijumaa ile Mbayuwayu ingekunjua tanga. Ili iwe nyepesi ya kusukumwa, ilipaswa kwanza kumwaga mafuta yake ya kurudia. Mto ukiwepo, wangepaa nao kwenda kasi ambayo binadamu hajawahi kuiota. Usipokuwepo, wangeendelea kwenda tu, taratibu, bila breki, hadi chakula kiishe.

Na Chiriku ndiye aliyekaa pale hasa ambapo tawi lile lilisemekana kuanzia. Kama mto ungekuwepo ungembeba. Badala yake alikuwa anaukata Ungo kama mbuzi anayevuka barabara.

Nyamizi hakushangaa, na hapo ndipo penye aibu. Mtu mwingine angepiga kelele, angekimbia koridoni. Yeye alihisi uso unawaka, akageuka kutazama mlango kana kwamba kuna aliyemwona. Alimjua Chiriku. Alimwona akikatiza miaka minne iliyopita, akanyamaza.

* * *

Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ulipanda nao chombo kuja Mwezini, na Kisogoni wakaugeuza kazi. Hakuna tokeo la utafiti linaloruhusiwa kutoka kituoni kabla mtani wa mwenye tokeo hajapewa picha zote, mbivu na mbichi, akalichambua mbele ya baraza. Wataalamu wa vituo vingine huandikiana maoni ya upole. Kisogoni mtu husimama akakwambia hesabu yako imelewa mnazi, na wewe huna ruhusa ya kununa. Mtani hanuniwi. Kwa njia hiyo makosa mengi yalikufa kwa vicheko kabla hayajaua mtu.

Nyamizi, Mnyamwezi wa Urambo, alikuwa mtani wa Pazi, Mzaramo wa Kisarawe. Wiki ya baraza lile kubwa, mke wa Pazi, Bi. Mwanahawa, alifariki ghafla nyumbani Kisarawe. Pazi alitazama maziko kwenye skrini. Walipoanza kutia mchanga kaburini alinyoosha mkono, akagusa kioo, akaurudisha. Waliokuwa naye walitazama chini. Baraza halikuahirishwa, kwa sababu wajenzi wa Mbayuwayu walikuwa wanasubiri neno, na yeye mwenyewe alikataa liahirishwe.

Alisimama na koti lililofungwa vifungo kombo, akaeleza Ungo wake. Vifaranga wote wanazunguka upande mmoja. Nyamizi, aliyezipitia picha mbichi, alijua kwamba mmoja hayumo. Picha ya Chiriku ilikuwa imewekwa kando kwa maelezo mafupi kwamba imeharibiwa na vumbi la chombo kilichotua siku ile. Vumbi lilikuwepo kweli. Lakini hata ukiondoa vumbi, Chiriku alionekana kwenda kusikotakiwa.

Na mzaha wake alikuwa nao tayari, umekaa kwenye ncha ya ulimi. Akainuka, akaviona vile vifungo, ulimi ukamrudi.

"Mtani wangu kafiwa," alisema. "Leo simtanii. Nampa pole."

Baraza zima likapiga makofi. Wengine walifuta machozi. Kwa mwezi mzima watu walimsimamisha koridoni kumwambia ana utu, na hili ndilo lililomuuma kuliko yote kila alipolikumbuka: sifa zile zilimnogea. Alizisikiliza mpaka mwisho. Alisahau, au alijisahaulisha, kwamba huko kwao msibani ndiko mtani anakofanya kazi hasa. Mtani ndiye anayeigiza mwendo wa marehemu hadi wafiwa wacheke kwa machozi, ndiye anayewaambia wenye nyumba yale ambayo wengine wanayaonea haya. Anayekuja kunong'ona pole na kuketi ni jirani.

Baadaye alijiambia lilikuwa vumbi. Kisha Mbayuwayu ikaondoka, ikawa vigumu zaidi. Kisha mwaka ukapita, na wa pili, na jambo lisiposemwa siku yake huota mizizi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Kilio chenyewe sasa kilikuwa kimepangiwa Ijumaa.

* * *

Mkuu wa kituo, Ambakisye, alikitazama kipimo kipya huku amejishika kidevu.

"Dada Nyamizi, hiki kipimo kimoja. Kipimo kimoja ni umbea."

"Jicho halikosei hivyo."

"Linakosea kiasi gani?"

Nyamizi akamwambia. Kosa linalowezekana lilikuwa kubwa karibu sawa na mwendo wenyewe. Ilihitajika miezi ya kumtazama tena na tena ili kuwa na hakika.

"Miezi hatuna," alisema Ambakisye. "Mwanaidi akiniuliza nina uhakika gani, nimjibu nini? Watu tisa wameacha maisha yao, nami niwageuze kwa umbea? Na nikiwaacha waende..." Akagonga skrini kwa kidole. "Tungekuwa na picha ya zamani ya Chiriku, ya miaka mitatu minne, tungeiweka juu ya hii ya leo tukaona amesogea wapi. Kosa lingebaki dogo. Nimetafuta ghala zima. Haipo, ilifutwa pamoja na zote zilizoandikwa kuwa zimeharibika."

"Ipo."

"Iko wapi?"

"Kwangu. Mtani hupewa picha zote."

Ambakisye alimtazama, na Nyamizi aliona kabisa fikra zinavyopita usoni pake, moja baada ya nyingine, mpaka ile ya mwisho ilipofika akayaondoa macho. Hakuwa mtu mbaya. Alivuta kiti karibu, akashusha sauti.

"Sikiliza dada yangu. Si lazima kila kitu kisemwe. Tutasema umeikuta leo kwenye vitu vyako vya zamani. Mzee aliitupa, wewe umeifufua. Ni kweli aliitupa, au sivyo?"

"Ni kweli."

"Basi. Mzee atatahayari, lakini mzee jina lake halitakufa kwa hilo. Na wewe una miaka mingi ya kazi mbele yako. Watu watakupigia makofi."

Duniani mtu akiona haya hutamani ardhi ipasuke immeze. Pale chini palikuwa na bati, nyaya na mashine ya kusafisha hewa, hakuna hata pa kumezwa. Nyamizi alifungua mdomo akatae. Alichosema ni kwamba atafikiri. Alipotoka nje alijua fika kwamba mtu mwema hakuwa na la kufikiri hapo.

* * *

Pazi alikuwa kwenye kitalu cha mboga, anafunga mibamia kwenye kamba. Mibamia ya Mwezini hurefuka ovyo, haina adabu.

"Mwangaluka, mpagazi!" alipaaza sauti kwa salamu ya Kinyamwezi bila kugeuka, kwa kuwa alizijua nyayo zake. "Babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe mpaka pwani, na wewe umekuja mikono mitupu? Hata kikapu cha bamia kinakushinda?"

Siku nyingine angejibiwa kwamba Mzaramo hata akipelekwa Mwezini atatafuta pa kuwamba ngoma. Alisubiri. Jibu halikuja, akageuka, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Kuna nini?"

"Chiriku," alisema Nyamizi.

Pazi alitafuta ndoo, akaigeuza, akakaa juu yake. Nyamizi akaeleza yote, tangu kipimo kipya hadi picha ya zamani, na hakujipunguzia kitu. Kisha akasema, "Nilimwona siku ile. Nilikuwa na maneno mdomoni. Nikaona vifungo vya koti lako, nikakuhurumia."

Mzee alivuta uzi wa kamba kati ya vidole.

"Ulidhani mimi sikumwona?" alisema hatimaye.

Nyamizi aliinua kichwa.

"Nilimwona, Nyamizi. Sikujua kama ni vumbi au ni kweli. Siku zile nilikuwa natazama kikombe kimoja naona viwili. Silali, sili, nikifumba macho namwona Mwanahawa. Kichwa changu nilikuwa sikiamini hata kidogo. Nikasema, nitamtoa huyu kwenye hesabu, lakini picha yake nitaiacha palepale, wazi, Nyamizi ataiona. Nilisema yule mpagazi hana huruma hata chembe, atanivua nguo mbele za watu. Nikaenda barazani nikikutegemea wewe." Akainua macho. "Ukasimama."

"Nikasimama."

"Ukanipa pole."

Mashine ya maji ilinguruma nyuma ya mibamia. Nyamizi alitamani atukanwe. Angetukanwa angepata pa kushika.

"Ulipoketi," Pazi aliendelea, "nikasema moyoni, basi, lilikuwa vumbi. Kama lingekuwa jambo, Nyamizi asingenyamaza. Nikampandisha mwanangu chomboni."

"Nisamehe, mtani wangu."

"Usinipotezee muda. Leo Jumanne. Ambakisye anasemaje?"

"Anasema naweza kusema nimeiokota leo."

"Unaweza," alisema Pazi, na alisema kwa upole, jambo lililomchoma zaidi. "Lakini mtakayemwambia ni Mwanaidi. Ana kichwa cha mama yake yule. Atauliza picha ilikuwa wapi miaka yote hii, na nani aliishika. Ukimdanganya katika dogo hatakuamini katika kubwa, na atamwaga mafuta." Akasimama, magoti yakalia. "Liite baraza. Lile la siku ile hukulimaliza."

* * *

Walijaa wote, kwa kuwa tangu asubuhi kituo kilikuwa kinanong'ona. Pazi aliketi mbele, kwenye kiti cha mwenye tokeo. Nyamizi alisimama mahali pake, maikrofoni ya kupeleka sauti kwenye Mbayuwayu ikiwa imefunguliwa, na picha mbili za Chiriku zikiwa ukutani, ya zamani na ya leo, moja juu ya nyingine. Ambakisye alikuwa ameshapiga hesabu. Doa lile la nuru lilikuwa limesogea, na limesogea kwa kukatiza.

"Mzaramo wewe," alianza Nyamizi. "Umealika ndege wote ngomani kwako, mmoja ukamfungia mlango. Kwani Chiriku hajui kucheza? Au ulimwogopa kwa sababu anacheza ngoma ya kwao?"

Ndio mzaha uleule uliomrudi ulimini. Siku ile ungeliangusha baraza kwa vicheko, na Pazi angecheka kuliko wote, na Mbayuwayu isingeondoka. Sasa hakuna aliyecheka. Pazi aliinamisha kichwa kama mtu anayepokea kitu alichokiagiza kikachelewa.

"Na mimi mpagazi," Nyamizi aliendelea, na hapa hakutazama watu, alitazama maikrofoni. "Mwanaidi, nisikilize mwanangu. Picha hii ya zamani ninayo tangu siku ile ya baraza. Sikuiokota leo. Nilipewa mzigo mmoja tu, nao nikautua chini, kwa sababu nilipenda kuitwa mwema. Ndege huyu nilimwona na nikanyamaza. Baba yako alikuwa na msiba, hakuwa na macho. Mimi macho nilikuwa nayo. Hapo mlipo hakuna mto. Vifaranga hawa wamekutana tu njia panda, na harusi haipo. Msimwage mafuta."

Aliketi. Makofi hayakupigwa. Mwanamke aliyekaa karibu naye, ambaye siku ile alimkumbatia, alisogeza kiti chake kidogo, labda bila kukusudia.

Sauti ikaenda, na picha zote mbili pamoja nayo. Siku nzima ya kwenda, siku nzima ya kurudi. Nyamizi alifanya kazi zake, akala alichopewa, na kila alipokutana na mtu koridoni alipisha yeye kwanza. Alhamisi walikusanyika tena, na sauti ya Mwanaidi ikaingia ikikwaruzakwaruza.

"Kisogoni, hapa Mbayuwayu. Tumezipima picha wenyewe. Tumeona mlichokiona. Vali za mafuta hatukuzifungua, na tanga halikunjuliwi. Tunaanza kufunga breki ili tugeuze."

Watu walipumua kwa pamoja. Mtu mmoja nyuma akaanza kulia. Mwanaidi hakuwa amemaliza, na aliposema tena hakuwa nahodha, alikuwa mtoto wa mtu.

"Baba, kurudi kutachukua muda mrefu kuliko kuja, maana lazima kwanza tusimame. Nitakukuta nikiwa na mvi, kama nitakukuta. Wenzangu wengine wamekaa kimya, wengine hawataki hata kukaa karibu na redio. Msitutumie ujumbe wa pole. Shangazi Nyamizi." Ukapita mkwaruzo mrefu. "Siku ile na mimi nilikuwemo barazani. Nilikuona unavyomtazama baba, nikasema huyu mama ana moyo. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma."

Ujumbe ukaishia hapo.

* * *

Nyamizi alimwachia Pazi nafasi ya kuwa peke yake, kisha akaenda kugonga mlango wake. Alikuwa amejiandaa. Alitaka mzee amwite mpagazi aliyetupa mzigo porini, amwite kila jina ambalo Wazaramo wamelitunza kwa ajili ya Wanyamwezi tangu enzi za misafara, na mengine ayabuni. Alikuwa tayari kusimama pale mlangoni ayasikie yote, kisha amjibu moja, dogo, ili waanze upya.

Mlango ulifunguka wote, si nusu kama ilivyokuwa desturi yake.

"Karibu, Daktari," alisema Pazi.

Hakuwahi kumwita hivyo. Nyamizi aliingia. Mzee aliondoa vitabu kwenye kiti kizuri, kile ambacho siku zote alikikalia mwenyewe na kumwachia yeye ndoo, akapangusa mahali pa kukalia kwa kiganja, akamwonyesha. Akamimina chai, akaiweka juu ya kisahani. Akamuuliza habari za afya. Akamuuliza habari za nyumbani Urambo, kama mvua zimenyesha, na kwa kila jibu aliitikia "Alhamdulillahi" kwa sauti ya chini. Hakukuwa na hasira usoni pake. Nyamizi aliitafuta, asiione.

Akajikaza.

"Mzaramo," alisema, "hii ni chai au maji uliyooshea vikombe?"

Pazi akashtuka, akainuka haraka kutoka alipokuwa ameketi.

"Samahani sana, Daktari. Niongeze majani?"

Nyamizi alikishika kikombe kwa mikono miwili. Akasema hapana, asisumbuke, chai ni nzuri. Akainywa yote, akashukuru, akaaga, na mzee akamsindikiza hadi mlangoni kama mgeni.